Uso Uliowaka kwa Chai ya Mama

Ninaandika kwa ajili ya mtu mmoja tu, popote alipo: yule ambaye uso wake huwaka moto bila homa, na ambaye watu humnusa kwanza kabla ya kumsalimia. Nimekuwa mtu huyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sasa nina nafuu, ndiyo maana naweza kukaa chini na kuandika bila kujishika mashavu kila baada ya mstari. Sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi, maana hata walionitibu hawakuniambia kwa uhakika. Nitakueleza ulikopita na ulichoharibu, na nakuonya mapema kwamba kilichoharibika zaidi hakikuwa uso.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili ya kutwa, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Kwetu ni Matungu, kule kwenye miwa, ambako mama yangu mjane anaishi boma moja na kaka yangu mkubwa, Hudson. Mke wangu anaitwa Violet. Hao watatu ndio utakaowasikia zaidi humu, na wote watatu niliwakosea.

Ilianza katika jua la Februari, kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimekula githeri yenye pilipili, nikasimama mbele ya kidato cha pili kufundisha aljebra, mara nikahisi joto linapanda kutoka shingoni. Rangi yangu ni maji ya kunde, kwa hiyo nikiwaka siwi mwekundu kama mzungu. Nakuwa rangi ya tofali, mashavu yanavimba, macho yanajaa maji. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshapewa jina, Mwalimu Jiko, na nakiri kwamba lilinifaa.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaja kusimama karibu nami kuliko ilivyohitajika. "Mwalimu, nyumbani kuko sawa?" akauliza, huku pua yake ikifanya kazi. Mimi sijaonja pombe, iwe chang'aa au busaa, maishani mwangu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na tulilelewa kwa fimbo na zaburi. Nilimjibu kwamba kuko sawa. Nilitoka pale nimejaa hasira, na hasira yenyewe ikaniwasha uso upya, nikapita mbele ya chumba cha walimu kama mtu aliyetoka kilabuni. Nilichukia ugonjwa usioniruhusu hata kukasirika.

Badala ya kwenda hospitali nilikwenda duka la vipodozi karibu na soko. Binti wa pale aliniangalia mara moja tu, akanitolea tyubu ndogo. "Hii itakutoa hiyo maneno, sir. Wasee wengi wanakujanga kuchukua hapa." Hakunidanganya kuhusu siku za mwanzo. Ndani ya wiki moja uso ulikuwa laini, umetakata, hata Violet akanitania kwamba nimepata mwanamke mjini. Nilipaka miezi minne. Halafu ngozi ikaanza kuwa nyembamba, mishipa ikaonekana, na kila nilipoacha siku mbili moto ulirudi maradufu. Violet, ambaye huuza mbegu na hujua kusoma vibandiko, aligeuza ile tyubu, akasoma jina la dawa, akasema, "Wewe, hii si ya kupaka uso. Acha."

Niliacha wakati mvua za masika zinaisha. Kama wewe pia umetumia tyubu ya namna hiyo, jiandae, maana kuacha ndiko kulikokuwa kubaya kuliko kuanza. Uso ulifura hadi jicho la kushoto likabaki upenyo. Vipele vyenye usaha vilitoka puani na kidevuni. Nilioga kwa maji baridi asubuhi ya mvua, nikalala nimeketi, na wanafunzi wakaacha kuniita Jiko kwa sababu haikuwa tena jambo la kuchekesha.

Nimekalia benchi nyingi. Daktari wa kwanza alisema ni mzio, akanipa vidonge vya kusinzia. Wa pili akanipima malaria, akanitibu malaria, ingawa haikuwepo. Kwenye benchi la tatu watu walisogea mbali nami, mmoja mmoja, mpaka nikabaki na nafasi ya watu watatu peke yangu. Alikuja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akakaa hapo hapo karibu nami, akalowesha leso yake bombani na kunipa niweke usoni. Hakuniuliza kitu. Nilipoitwa nikataka kuirudisha, akasema, "Enda nayo tu, ndugu." Ninayo hadi leo, na sijui jina lake.

Nyuma ya mlango nilioitiwa alikuwemo daktari wa ngozi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye huja mjini siku chache tu kwa mwezi. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye dirisha. Akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Unakunywanga chai?"

"Kama kila mtu."

"Moto kiasi gani?"

Nilicheka. Kwetu chai haina kiasi. Ikiwa si ya kuunguza ulimi hiyo si chai, ni maji ya kuoshea vikombe.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ugonjwa wangu unaitwa rosasia, kwamba tyubu ya dukani iliuchochea, na kwamba hauponi moja kwa moja ila hutulizwa ukatulia. Alinipa jeli ya kupaka asubuhi na jioni, na vidonge vya kumeza kwa wiki nyingi nikiwa nimeshiba na kwa maji mengi. Usiende kununua dawa kwa kusoma haya. Mimi nilinunua kwa kuangaliwa usoni na binti wa duka, umeona mwenyewe. Kisha akanipa sheria: kofia pana juani, nisiinamie jiko la moshi, nipunguze pilipili, na chakula na kinywaji chochote kisinifikie kikiwa moto. "Chai kunywa," akasema, "lakini ipoe kwanza kabisa. Si majani yanakuchoma. Ni joto."

Maneno hayo mafupi nilipaswa kuyapeleka Matungu siku ile ile. Sikuyapeleka, na nitakwambia ni kwa nini. Niliona aibu. Ningeanzia wapi kumwambia mama kwamba mwanawe mwenye digrii amejipaka dawa ya warembo? Tena nilijua angeanza mzunguko wa maombi, na akina mama wa kanisa wangenizunguka na kunishika uso kwa mikono yao yenye joto. Nikasema, ni chai tu.

Huenda wewe si wa kwetu, kwa hiyo nikueleze. Ukiingia nyumbani kwa mtu kule, chai inakuja kabla ya habari. Inatoka kwenye chupa ikifuka, nawe unaipokea na kuinywa hivyo hivyo. Ukiiacha kikombeni ikapoa, mwenye nyumba haoni kwamba hujisikii. Anaona unaogopa. Anaona umeambiwa kwamba nyumba hii wanaweka kitu, sumu au uchawi. Nilikulia humo, nayajua haya tangu sijaota meno ya pili, na bado nilifanya.

Likizo ya Agosti nilikwenda nyumbani. Mama alinimiminia mbele ya majirani waliokuja kunisalimia, nikaweka kikombe chini ya kiti, nikaanza kuuliza habari za miwa. Baada ya muda akakiona. Alikichukua, akarudisha chai jikoni ikachemka, akaniletea tena. Nikaishika, nikaipuliza, nikaiweka chini. Kesho yake nikasema nimeshiba. Siku ya tatu alimimina kidogo sana, nusu kikombe, na akakaa mbele yangu akinitazama mikono. Niliondoka mapema nikisingizia kusahihisha mitihani.

Vile vidonge vilianza kufanya kazi Septemba. Vipele vilikauka, jicho likafunguka, nikaanza kuandika katika daftari kila kilichoniwasha na kila kilichoniacha salama. Maziwa lala, salama. Obusuma, yaani ugali, uliopoa kidogo na mboga ya mrenda, salama. Samaki wa pilipili, hapana. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu. Katika furaha hiyo Hudson akanipigia simu.

"Umeambia nani mama alikulisha kitu?"

"Kitu gani?"

"Usinifanye mtoto. Uso yako imeharibika, kila mtu ameona. Halafu unakuja hapa unakataa chai yake mbele ya watu. Sasa wanasema hata baba si ugonjwa ilimuua."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nimeshika simu. Wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. La kwetu halikuwepo. Mimi ndiye nililileta kwa mikono yangu miwili, kwa kuweka kikombe chini ya kiti.

Mama yangu yumo katika kikundi cha akina mama wa kanisa, ambao hukutana nyumba hadi nyumba kila wiki mbili, wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai. Zamu yake ilipofika Oktoba walikuja wote, wakaimba, wakaomba. Alipoleta chai, kiongozi wao, Mama Rispa, akasema wamefunga. Wote kumi na mmoja walikuwa wamefunga. Alipowaalika tena wiki iliyofuata walisema mvua imenyesha sana, ingawa kwa jirani walifika kwa mvua hiyo hiyo. Mke wa Hudson ndiye aliyenieleza kwamba mama aliimwaga ile chai nyuma ya choo, sufuria nzima, kisha akaosha vikombe ambavyo hakuna mdomo uliovigusa.

Nilimpigia mama nimweleze. Alinisikiliza mpaka mwisho, daktari, jeli, joto na yote. Kisha akasema, "Huyo mke wako ndiye alikufundisha kusema hivyo." Nikajaribu tena. "Ugonjwa ya kuogopa chai ya mama yako peke yake," akasema. "Hiyo sijawahi sikia." Violet alikuwa amesimama karibu, akasikia kila neno. Alingoja nimtetee. Nilisema, "Basi, mama, tutaongea," nikakata. Violet hakunisemesha hadi kesho yake, na alipofungua mdomo alisema hatatia mguu Matungu mpaka nitakapokuwa mwanamume. Nilistahili.

Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi, akaumbuka mama yangu.

Desemba ilikuwa ukumbusho wa baba. Watu wangekuja wengi, hema lingesimama, mchungaji angehubiri. Nikapata wazo nililoliona la kishujaa. Nitainywa chai ya mama mbele ya wote, moto, kikombe hadi mwisho, na maneno yote yatakwisha hapo. Sikumwambia Violet, maana angenikataza. Sikumwambia daktari. Mimi, mwalimu wa hisabati, sikupiga hesabu rahisi kuliko zote.

Baada ya maombi nilisimama, nikaenda mwenyewe mpaka alipokaa mama na birika lake kubwa. Nikasema kwa sauti, "Mama, nipe chai." Macho yake yaling'aa. Sijamwona hivyo tangu siku ya mahafali yangu. Alinimiminia hadi ukingoni, nikanywa nimesimama, ikiniunguza koo, nikaomba cha pili, nikakinywa pia. Watu walianza kutabasamu. Mama Rispa alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua mkate.

Kisha joto likapanda. Niliijua njia yake na sikuweza kulizuia. Shingo, masikio, mashavu. Jua la saa saba lilikuwa juu ya hema na mimi nimevaa koti. Nilihisi jicho la kushoto linajifunga. Kimya kilianza kwa waliokaa mbele, kikaenda nyuma hadi kwa watoto. Mwanamke mmoja akasema polepole, "Yesu." Mama alikuwa bado ameshika birika. Alinitazama uso, akatazama birika, akatazama uso. Nikaona kwamba kwa muda mfupi hata yeye mwenyewe alijiuliza ameweka nini.

"Kunywa maji, mwanangu," akasema.

Watu waliondoka kabla ya chakula. Kuku saba walibaki kwenye sufuria. Mchungaji alijaribu kusema neno kuhusu ulimi, lakini alisema akiwa ameshika funguo za pikipiki. Hudson alikuja akasimama mbele yangu pale nilipokuwa nimejilaza kivulini na kitambaa usoni. "Sasa umemmaliza," akasema. Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote za ugonjwa wangu, na sikuwa na kipele hata kimoja.

Nilimweleza Violet kila kitu. Nilidhani atanifokea. Alifikiri, kisha akasema, "Kama inawaka kwa chai ya mama, si inawaka kwa chai ya kila mtu? Waonyeshe." Tangu nimuoe nimejua ana akili kunishinda, ila sikuwahi kumwambia. Nilimwambia siku hiyo, na nikampigia mama hapo hapo, Violet akisikia, nikasema mke wangu hana kosa lolote katika jambo hili.

Januari, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, nilikwenda Matungu, nikapiga hodi kwa Mama Rispa. "Nimekuja kunywa chai," nikasema. Kwetu hakuna namna ya kukataa hilo. Alinikaribisha, akamimina kutoka chupa yake mwenyewe, majani yake, maziwa ya ng'ombe wake. Nilikunywa mbele yake na mbele ya mkwe wake. Tukangoja. Uso ulipowaka aliweka mkono mdomoni.

"Mimi sijaweka kitu, mwalimu. Haki ya Mungu."

"Najua, mama. Hata mama yangu hakuweka."

Nikamshukuru kwa chai, nikaenda nyumba ya pili. Kisha ya tatu. Kila mahali nilikunywa ya moto, nikangoja, nikawaacha waniangalie vizuri. Kufikia nyumba ya nne habari zilikuwa zimenitangulia. Niliona moshi jikoni na nikasikia harufu ya maziwa yanayochemka, lakini mwenye nyumba alitoka mbio na soda baridi. "Chai imeisha, mwalimu. Kunywa hii tu." Alikuwa anaogopa nisije nikawaka kwake naye akaitwa mchawi. Nilicheka mpaka machozi yakaniwasha mashavu. Sikuwa nimecheka tangu Agosti.

Nililipia safari hiyo. Wiki mbili sikuweza kusimama darasani. Macho yalipata mchanga usioonekana, vipele vikarudi vyote. Daktari alinikemea hadi mhudumu wa nje akachungulia, kisha akanianzishia vidonge upya. Mwalimu mkuu, nilipompelekea barua ya hospitali, aliisoma mara mbili na kuniomba radhi bila kusema kwa nini. Nilimsamehe bila kumuuliza.

Leo uso umetulia. Unawaka bado, labda mara moja kwa wiki, na nimejua namna ya kuukalia: naingia kivulini, naweka kitambaa chenye maji, navuta pumzi, sijikuni, sipaki kitu kipya. Jeli natumia. Daftari naandika siku nikibadilisha chakula. Chai nakunywa imepoa, na nikiingia kwa mtu nasema mlangoni, kabla sijakaa, kwamba nina ugonjwa wa joto. Nakusihi ufanye hivyo tangu siku ya kwanza. Waambie watu wako hata kama hawataelewa, hata kama utaona haya.

Akina mama walirudi kwa mama yangu masika haya. Nilikuwepo, na Violet pia. Waliimba kwa sauti kuliko kawaida, kama wanavyofanya watu wenye deni la moyoni. Mama alileta birika. Akamimina kikombe cha kwanza, akakiweka mbele ya Mama Rispa, kisha akakichukua tena. Akanywa funda moja, akameza, akafungua mdomo kidogo waone kwamba amemeza, ndipo akampa. Akafanya hivyo kwa wa pili. Akafanya hivyo kwa wote kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemwambia aache. Akamwonjea Violet. Akamimina changu, akakiinua mdomoni.

"Mama," nikasema, "mimi huna haja ya kunionjea."

Alikunywa kwanza. "Hawa niliwasamehe, walisikia tu maneno," akasema. "Wewe ndiye ulianza." Hakuwa na hasira. Akanipa kikombe.